Kweli au Uongo: Nobu ya Rangi kwenye Monita za Chogo

Anayenunua kompyuta ya zamani, awe anaitaka kwa ajili ya kumbukumbu au anataka tu kurudia gemu za utotoni, hagundui mapema kwamba kazi kubwa haiko kwenye kompyuta. Iko kwenye monita. Kompyuta ama inawaka ama haiwaki. Monita ya chogo inawaka, halafu inaanza vituko: nyekundu imepauka, nyeupe ina ubluu, kijani kimezidi, na pembeni kuna doa la zambarau lisilotaka kuondoka. Hapo ndipo washauri wanapojitokeza. Huyu atasema ikoleze rangi, yule atasema ukikoleza utaua tyubu, na wa tatu atakuja na sumaku ya spika mkononi.

Sehemu kubwa ya ushauri huu ilizaliwa kwenye televisheni, ikahamia kwenye kompyuta bila mtu kuuliza kama inafaa. Monita ya mwaka 1983 na televisheni ya sebuleni ya mwaka huohuo zinaweza kufanana kwa sura, lakini zikapokea rangi kwa njia mbili zisizohusiana. Tuyachukue madai yanayosikika zaidi tuone lipi linasimama.

"Kila monita ya rangi ina nobu ya kukoleza rangi"

Uongo, na uongo huu ndio uliozaa mengi ya yanayofuata.

Nobu ya rangi ilitokana na namna televisheni inavyosafirisha picha. Katika waya mmoja hupita vitu viwili: mwangaza, yaani ile picha nyeusi na nyeupe, na juu yake wimbi dogo la kasi lililobeba rangi. Kwa mfumo wa NTSC wa Marekani wimbi hilo hutetema mara 3,579,545 kwa sekunde. Kwa mfumo wa PAL wa Ulaya ni mara milioni 4.43 hivi. Kuwahi au kuchelewa kwa wimbi hueleza ni rangi gani. Kimo chake hueleza rangi hiyo imekolea kiasi gani. Kazi ya nobu ya rangi ni moja tu: kupandisha au kushusha kimo cha wimbi hilo kabla halijatafsiriwa kuwa nyekundu, kijani na bluu. Ukiizungusha kushoto hadi mwisho, wimbi linazimika na unabaki na picha nyeusi na nyeupe. Haigusi mwangaza, haigusi tyubu, wala haijui kama rangi iliyopo ni sahihi.

Commodore 1702, iliyotengenezwa na JVC kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64, ni ya ukoo huu. Fungua kile kifuniko kidogo chini ya kioo utakuta nobu zimejipanga: sauti, tinti, rangi, mwangaza, kontrasti, na nyingine za kuiweka picha mahali pake. Nyuma ina tundu la mwangaza na tundu la rangi, kila moja na njia yake, ndiyo maana picha yake ilikuwa safi kuliko ya televisheni nyingi za wakati ule. Hata hivyo rangi bado inafika kama wimbi, kwa hiyo nobu ina cha kushika.

Sasa njoo kwenye IBM 5153, monita iliyotoka mwaka 1983 kwa ajili ya kadi ya picha ya CGA. Hapa nyekundu ina waya wake, kijani ina wake na bluu ina wake. Hakuna wimbi la kutafsiri, hivyo hakuna cha kukoleza. Ina mwangaza na kontrasti. Nobu ya rangi utaitafuta mpaka uchoke. Monita za VGA zilizofuata tangu 1987, zikiwemo zile zilizojaa kwenye intaneti kafe zetu miaka ya 2000, ni hivyohivyo: kila rangi inapita kwenye waya wake kwa volti kuanzia 0 hadi 0.7, basi. Zilizotoka baadaye zina menyu ya kupandisha nyekundu, kijani au bluu, lakini huko ni kusawazisha nyeupe. Ukipandisha zote tatu kwa pamoja umeongeza mwanga, hujakoleza chochote. Na ile nyeupe yenye ubluu inayowasumbua wengi kwenye monita za VGA mara nyingi si ugonjwa: viwanda vingi viliziacha kwenye Kelvini 9300, nyeupe ya baridi inayopendeza dukani. Ingia kwenye menyu, chagua 6500, lipe jicho dakika chache lizoee.

"Nobu isipojibu, imekufa"

Mara nyingi ni uongo, na wanaoumia zaidi ni wenye Commodore 1084.

Monita hii, iliyotoka mwaka 1987 zama za kompyuta za Amiga, inapokea aina zote mbili za picha. Unaweza kuichomekea wimbi la rangi kama 1702, au ukaipa nyekundu, kijani na bluu kwenye nyaya zao. Ukiwa kwenye wimbi, nobu ya rangi inajibu vizuri. Ukihamia kwenye nyaya tatu, unaizungusha kulia na kushoto na hakuna kinachobadilika, kwa sababu picha imeshapita mlango mwingine na haikufika kwenye sehemu inayotawaliwa na nobu. Hivyo ndivyo ilivyoundwa.

Kipimo chake ni rahisi. Peleka picha kwa njia ya wimbi, kwa mfano kutoka deki ya kanda za video au Commodore 64, kisha zungusha. Ikijibu, nobu ni nzima. Ikijibu kwa kukatakata, rangi ikiruka ghafla kutoka kupauka hadi kukolea, ndani yake kuna vumbi au kutu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia maungio ya umeme, ikifuatiwa na kuizungusha mara nyingi huku monita imezimwa, humaliza kazi. Ugonjwa unaojulikana wa 1084 ni swichi ya kuwashia, inayochoka mapema kuliko kitu kingine, pamoja na risasi ya lehemu iliyopasuka kwenye maungio. Nobu ya rangi inasingiziwa tu.

"Rangi zikipauka, koleza"

Uongo wa kila siku.

Tazama vizuri picha inayoitwa imepauka. Chukua sehemu ambayo ingepaswa kuwa nyeusi tii, kwa mfano ukingo wa kioo usio na picha, uilinganishe na plastiki nyeusi iliyo jirani. Mara nyingi utakuta nyeusi imekuwa kijivu. Rangi haijapungua hata kidogo. Nyeusi ndiyo iliyopanda, na ikishapanda inaingia ndani ya kila rangi kama maziwa kwenye juisi ya ukwaju. Ukikoleza rangi katika hali hiyo, nyekundu itafurika na kuvuja upande wa kulia wa kila umbo, sura za watu zitaiva kama waliokaa juani, na kijivu kitabaki palepale.

Wengi hawajui kwamba nobu ya mwangaza, licha ya jina lake, kazi yake kubwa ni kupanga nyeusi. Inayotawala weupe wa sehemu nyeupe ni kontrasti. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yamekwisha.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Acha monita iwake nusu saa, kwa sababu tyubu baridi hudanganya. Punguza taa chumbani. Kama ina nobu ya rangi, ishushe hadi sifuri, ushughulike kwanza na picha nyeusi na nyeupe. Weka kontrasti katikati, kisha shusha mwangaza mpaka nyeusi iwe nyeusi, uupandishe polepole na kusimama pale ambapo kijivu cha giza kabisa kinaanza kujitenga na nyeusi. Sasa panda na kontrasti mpaka nyeupe ing'ae, ukiangalia herufi: zikianza kuvimba na kugusana, umepitiliza, rudi nyuma. Baada ya hapo ndipo unairudisha rangi, na utashangaa jinsi unavyohitaji kidogo.

Kwa wenye monita za wimbi la rangi, njia ya mafundi wa studio inashinda jicho la mtu yeyote. Onyesha milia ya rangi ya SMPTE, ile inayoanza na kijivu kushoto na kuishia na bluu kulia, kisha itazame kupitia karatasi ya plastiki ya bluu iliyokolea. Milia yenye bluu ndani yake ndiyo itakayoonekana. Ule wa kijivu wa kwanza na ule wa bluu wa mwisho ikitofautiana mwanga, zungusha nobu ya rangi mpaka ilingane. Sayani na majenta zikitofautiana, tatizo ni la tinti. Monita nyingi za studio, kama zile za PVM za Sony, ziliwekewa kitufe cha kuonyesha bluu peke yake kwa kazi hiihii.

"Monita ya PAL haina nobu ya tinti kwa sababu walibana matumizi"

Uongo. Haina kwa sababu haiihitaji.

Tulisema kwamba kuwahi au kuchelewa kwa wimbi ndiko kunakoeleza aina ya rangi. Katika NTSC, wimbi likicheleweshwa kidogo njiani, uso wa mtu unakuwa wa kijani au zambarau, na mtazamaji analazimika kuurekebisha kwa nobu ya tinti. Wahandisi wenyewe waliutania mfumo huo kwamba hautoi rangi ileile mara mbili. Walter Bruch wa Telefunken, Ujerumani, alilitatua jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa hila nzuri: sehemu moja ya wimbi la rangi inageuzwa kichwa chini kila mstari wa pili wa picha. Kosa linaloegemea kijani kwenye mstari mmoja linaegemea upande wa pili kwenye mstari unaofuata. Kipokezi kinachanganya mistari hiyo miwili, makosa yanafutana.

Kuna bei ndogo inayolipwa, nayo inahusu ukolevu. Kosa la nyuzi 20, ambalo kwenye NTSC lingebadili rangi ya uso kwa namna ambayo hata mtoto angeiona, kwenye PAL linageuka kuwa upungufu wa takriban asilimia 6 ya ukolevu. Hakuna atakayeuona. Kwa hiyo mwenye monita ya PAL hubaki na nobu moja tu ya rangi.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa PAL, huku Tanzania Bara ikisubiri hadi 1994. Bara uingizaji wa kompyuta wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1974, hivyo mkusanyaji wa leo anayetafuta Commodore au Amiga mara nyingi ataipata kutoka nje. Ikitoka Uingereza au Ujerumani itakuwa ya PAL. Ikitoka Marekani itakuwa ya NTSC. Ukiiunganisha kompyuta ya PAL na monita ya NTSC tupu, picha inaweza kutokea vizuri kabisa lakini nyeusi na nyeupe, na hapo utaizungusha nobu ya rangi mpaka ing'oke. Halafu, kabla ya kuhangaikia rangi, soma kibandiko cha nyuma: monita ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma haitakupa nafasi ya kuuliza maswali.

"Kahawia ya IBM ni manjano iliyochezewa"

Kweli tupu, na ni habari ninayoipenda kuliko zote.

Kadi ya CGA ilipeleka rangi kwa nyaya nne: nyekundu, kijani, bluu, na wa nne wa kuongeza mwanga kwa zote tatu kwa pamoja. Kila waya ama umewaka ama umezimwa. Nyaya nne za namna hiyo zinatoa rangi 16: nane za kawaida na nane zilizotiwa mwanga. Hiyo ndiyo maana halisi ya ukali wa rangi katika kompyuta zile: waya mmoja, ndiyo au hapana, usio na nobu.

Rangi namba 6 ilipatikana kwa kuwasha nyekundu na kijani bila waya wa nne. Kwa hesabu za kawaida hiyo ni manjano ya giza, rangi ya matope ya kijani ambayo hakuna aliyeipenda. Wahandisi wa IBM waliweka ndani ya 5153 saketi ndogo yenye kazi moja: kuusubiri mchanganyiko huo na kuipunguza kijani karibu nusu. Matokeo yake yakawa kahawia, rangi inayofaa kwa mbao, udongo na ngozi. Kompyuta haikujua lolote. Iliomba manjano chafu, monita ikatoa kahawia. Rangi ikazoeleka kiasi kwamba VGA ya 1987 iliirithi kama ilivyo, ingawa haikuwa na ulazima.

Monita za bei nafuu za wakati ule hazikuwa zote na saketi hiyo. Ukiona kwenye monita yako kwamba kahawia ya programu za zamani inatoka kijani kibichi cha matope, usianze kufungua. Huenda ndivyo ilivyotoka kiwandani. Na kama kijivu hafifu na nyeupe zinaonekana sawa, na kijivu cha giza hakitofautiani na nyeusi, basi ule waya wa nne haufiki: ama monita haiutumii, ama pini yake kwenye plagi imekatika. Andika herufi za rangi zote 16 kwenye kioo uzihesabu. Ukipata nane umepata jibu.

"Monita dhaifu ilionyesha rangi nyingi kuliko monita nzuri"

Kweli, ingawa linasikika kama mzaha.

Steve Wozniak alipounda Apple II ya mwaka 1977 hakuwa na fedha za kumbukumbu ya kuhifadhi rangi ya kila nukta. Akafanya ujanja: kompyuta ilitoa nukta nyeusi na nyeupe kwa kasi ya mara mbili ya wimbi la rangi la NTSC. Nukta zikipishana, nyeupe kisha nyeusi kisha nyeupe, monita inazidhania kuwa wimbi la rangi na kuonyesha zambarau. Zisogeze hatua moja, zinakuwa kijani. Rangi hizo hazikuwa popote kwenye kumbukumbu. Zilizaliwa ndani ya monita, kutokana na udhaifu wake wa kuchanganya mwangaza na rangi.

Wenye CGA nao waliugundua ujanja huo. Kwenye monita safi ya nyaya nne, gemu nyingi zilibanwa kwenye rangi nne, mara nyingi samawati, majenta, nyeupe na nyeusi, mchanganyiko ambao bado unawaumiza macho waliokuwepo. Kadi hiyohiyo ikichomekwa kwenye televisheni ya NTSC iliweza kutoa rangi 16 kwa kupanga nukta kwa mtindo wa Apple. King's Quest ya mwaka 1984 ni mojawapo ya gemu zilizotumia njia hiyo. Aliyenunua monita ghali akapata mistari myembamba; aliyetumia televisheni ya zamani akapata majani ya kijani na anga ya bluu.

Hapa sasa nobu ya rangi ina kazi halali. Ishushe hadi sifuri ukicheza gemu ya namna hiyo kwenye 1702 ya NTSC, utaona ukweli uliojificha: mistari myeusi na myeupe kila mahali. Ipandishe, dunia inarudi. Kwa PAL usitarajie muujiza huo, kwa sababu wimbi lake lina kasi nyingine na mstari wa pili hufuta kilichozaliwa kwenye wa kwanza.

"Monita iliyotoka Ulaya hubadilika rangi ikifika huku"

Kweli kwa kiasi, na si kwa sababu ya joto wala vumbi.

Ndani ya tyubu ya rangi kuna miale mitatu ya elektroni na, nyuma tu ya kioo, bati jembamba lenye matundu. Kila mwale lazima upite kwenye tundu kwa pembe yake ili uangukie fosfori ya rangi yake. Usumaku wowote unaoupindisha mwale hata kidogo unaufanya uangukie kwa jirani. Na dunia yenyewe ni sumaku. London, usumaku wa dunia unazama ardhini kwa mwinamo wa zaidi ya nyuzi 60. Ikweta ya usumaku inapita kaskazini mwetu, upande wa Ethiopia, na ukishaivuka kuja kusini mwelekeo unageuka: Dar es Salaam usumaku unachomoza kuelekea juu, kwa zaidi ya nyuzi 30. Monita iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya inapowekwa mezani Dar au Nairobi, miale yake inasukumwa upande ambao kiwanda hakikuutarajia. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji walikuwa na matoleo tofauti ya kaskazini na kusini mwa dunia.

Kinachoonekana ni vivuli hafifu vya rangi kwenye pembe, hasa kioo kikiwa cheupe chote na kikiwa kikubwa. Nobu ya rangi haiwezi kukiondoa. Kinachosaidia kwanza ni kuipanga monita mahali itakapokaa, kisha kuiondolea usumaku ikiwa hapohapo.

Doa kali upande mmoja lina sababu ya karibu zaidi: spika. Spika za redio zina sumaku kubwa isiyofunikwa, na bati la ndani likikaa nayo jirani linashika usumaku na kubaki nao hata spika ikiondolewa. Monita nyingi zina koili iliyoizunguka tyubu inayofuta usumaku huo. Ndiyo ile inayotoa mngurumo mfupi ukiwasha. Lakini kidhibiti chake kinahitaji kupoa kabla ya kufanya kazi tena, hivyo kuwasha na kuzima mfululizo hakusaidii. Iondoe spika, zima, subiri dakika 20, washa. Rudia mara kadhaa. Yule mwenye sumaku mkononi mwambie akae nayo mbali.

"Rangi moja ikitoweka, tyubu imekwisha"

Uongo, kwa sehemu kubwa. Anza na kebo. Kwenye plagi ya VGA yenye pini 15, pini ya 1 ni nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu, na pini iliyopinda ni ugonjwa wa kawaida sana kwa kebo zilizochomolewa kwa haraka. Nyeupe ikiwa majenta, kijani haifiki. Ikiwa manjano, bluu haifiki. Ikiwa samawati, ni nyekundu. Tikisa kebo taratibu. Rangi ikirudi na kuondoka, umebakiwa na gharama ya kebo. Isiporudi, gonga kidogo ubavu wa monita: ikichezacheza, kuna lehemu iliyopasuka, mara nyingi kwenye kibao kilichovikwa shingoni mwa tyubu. Tyubu iwe mshukiwa wa mwisho.

"Kukoleza rangi kunaua tyubu"

Uongo. Kinachoichosha tyubu ni wingi wa elektroni, na huo unatawaliwa na kontrasti na mwangaza. Waliozoea kontrasti ya mwisho kabisa, na menyu ileile kwenye kioo kutwa, ndio walioacha kivuli cha menyu kwenye fosfori hata monita ikiwa imezimwa. Rangi iliyokolea kupita kiasi inaumiza macho ya mwenye macho, basi.

"Nitampigia fundi picha ya simu aone rangi ilivyo"

Kamera ya simu hujiamulia nyeupe ni ipi, hukoleza rangi kwa ladha ya kiwanda chake, na ikipishana na kasi ya kioo hutia mistari myeusi isiyokuwepo. Picha ya simu inamwonyesha fundi doa liko wapi. Haimwambii rangi imekolea kiasi gani.

"Ukishazima na kuchomoa, ndani pako salama"

Uongo wa hatari kuliko yote yaliyotangulia.

Kuna marekebisho ya rangi yaliyofichwa ndani: vidude vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi kwenye kibao cha shingoni, kimoja kimoja kwa nyekundu, kijani na bluu, na vile viwili kwenye flaibaki, yaani transfoma ya volti kubwa, vilivyoandikwa FOCUS na SCREEN. Hiki cha pili ndicho dawa ya monita ambayo nyeusi yake haikubali kushuka na ambayo kioo chake kina mistari myembamba ya mshazari inayong'aa. Mafundi wanakijua, na watu wa kujaribu wanakisikia. Lakini tyubu ya rangi inafanya kazi kwa volti 25,000 hivi, na kioo chake kinaweza kuhifadhi chaji hiyo muda mrefu baada ya kuchomolewa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme nayo inabeba volti zaidi ya 300. Zaidi ya hapo, marekebisho haya hufanywa monita ikiwa imewaka, la sivyo huoni unachokibadilisha.

Kama hujawahi kushusha chaji ya tyubu mbele ya anayejua, usiifungue. Nobu za nje zikishindwa baada ya kufuata utaratibu tuliouandika hapo juu, peleka monita kwa fundi aliyezoea televisheni za chogo, umwombe aweke alama ya kalamu penye kila kidude kabla ya kukigeuza, na akuonyeshe nyeusi kwanza kabla ya kukuonyesha rangi.